Miguu Yetu Ukutani

Sitaki tena kusikia mtu akiniambia jinsi anavyolikumbuka lile duka la viatu. Nimechoka. Nikienda kununua mkate naambiwa, nikipanga foleni benki naambiwa, na juzi kuna bwana alinisimamisha katikati ya barabara, magari yanampigia honi, ili tu anieleze kwamba kiatu chake cha kwanza cha shule alivalishwa na shangazi yangu, na harufu ya ngozi ya mle ndani anaisikia mpaka leo. Nikamuuliza mara ya mwisho kununua kiatu mle ilikuwa lini. Akatazama saa, akasema ana haraka.

Ndiyo maana naandika. Shangazi mwenyewe si msemaji wa habari zake, na hawa watu wakiachiwa wamsimulie wao watamgeuza picha ya kalenda: mama mpole aliyepiga magoti mbele ya wateja huku akitabasamu. Shangazi si mpole. Ni dada mkubwa wa baba yangu, mfupi, mabega mapana, anatembea kama anayekwenda kuzima moto, na mimi naishi naye nyumba moja tangu nilipopata kazi ya uchapaji hapa mjini. Akikutana na mtu haanzi na uso, anaanza na miguu. Mchumba wangu wa kwanza, Shangazi alimkataa akiwa bado mlangoni, kwa sababu kisigino cha kiatu chake kililika upande mmoja. Alisema mtu yule amezoea kuegemea wenzake, na yaliyofuata sitaki kuyaeleza hapa, ila alisema kweli.

Aliingia pale dukani akiwa na miaka ishirini, kufagia na kupanga maboksi. Mwaka haujaisha alikuwa tayari anapima watu, na kupima kwake kulikuwa kazi kamili. Mteja akiingia na kusema nipe namba saba, alimjibu kwamba namba ni ya kiatu, si ya mguu, akae kwanza. Alitandika karatasi ya kaki sakafuni, akakusimamisha juu yake, uzito umegawanyika miguu yote miwili, kisha akazungusha penseli kuufuata unyayo wako, penseli imesimama wima. Ikilala kidogo tu, alisema, mguu unanenepa kwenye karatasi na mtu atanunua mashua. Akimaliza aliandika jina lako na tarehe, na chini yake maelezo mafupi, ili siku asipokuwepo msaidizi wake asikuuzie balaa.

Na watu wazima hakuwapima asubuhi. Hata uje na gari la serikali, aliyekuja asubuhi aliambiwa arudi baada ya chakula cha mchana, kwa sababu mguu uliotoka kitandani ni mwembamba na unadanganya, ukweli wake unautoa baada ya kutembea. Mzee mwenye duka mwanzoni alitaka kumfukuza. Ni nani anayewarudisha wateja mlangoni? Lakini alipoona mwaka mzima umepita na hakuna aliyerudisha kiatu, alinyamaza. Mara moja tu Shangazi alilegeza sheria yake, akampima bwana harusi saa tatu asubuhi kwa sababu shemeji zake waliomba sana. Yule bwana alivua viatu katikati ya sherehe akacheza na soksi, na Shangazi, aliyekuwa amealikwa, hakula wala hakunywa. Miaka ishirini baadaye ukimtajia harusi hiyo bado anainamisha kichwa.

Miaka thelathini na mitatu alifanya kazi hiyo. Katika miaka hiyo barabara yetu ya maduka ilikuwa barabara kweli. Kulikuwa na fundi saa aliyekaa dirishani na kioo chake jichoni. Kulikuwa na duka la vitambaa ambalo muuzaji alipasua kitambaa kwa mkono, na ile sauti ya kupasuka ilisikika mpaka ng'ambo. Kulikuwa na duka la daftari na kalamu, na studio ya picha yenye pazia la maua. Leo fundi saa hayupo, mahali pake watu wanabashiri matokeo ya mpira. Duka la vitambaa lina kufuli na karatasi iliyoandikwa INAPANGISHWA, imeloa mvua mpaka herufi zinatiririka. Studio imekuwa ghala la maji ya chupa. Mimi nikipita hapo nakasirika, na naomba nisiambiwe kwamba ndiyo maendeleo. Maendeleo hayana shida. Shida ni sisi.

Kwa maana duka la viatu halikufa kwa bahati mbaya. Nililiona likiuawa. Watu waliingia, wakakaa, wakapimwa, wakajaribu jozi tatu nne, wakatembea mpaka kwenye kioo na kurudi, wakaomba maoni ya Shangazi, wakayapata. Halafu walitoa simu, wakapiga picha lebo iliyo ndani ya kiatu, eti wanakwenda kuwaonyesha waume zao. Mume gani anayeonyeshwa lebo? Walikwenda kuagiza kiatu hichohicho kwa simu, kwa bei iliyopungua kidogo, kikaletwa na pikipiki mpaka mlangoni. Kikiwabana walikuwa na uso mkavu wa kukirudisha kwa Shangazi akitanue. Na alikitanua! Alikijaza magazeti yaliyoloweshwa, akakipachika kwenye kalibu, lile gogo la mbao lenye umbo la mguu, akakilaza siku mbili. Nilimwambia anajidhalilisha. Akanijibu kwamba mguu haukwenda kuagiza kitu, kwa nini uumie.

Nami sijitoi. Nilishawahi kuagiza viatu vyekundu kwa simu, nikaficha boksi uvunguni. Shangazi hakusema neno mpaka siku ya tatu, tukiwa mezani, akaniambia bila kuinua macho kwamba nikiendelea kuvivaa hivyo kucha ya kidole kikubwa cha kulia itang'oka. Iling'oka.

Mzee mwenye duka alipofariki, watoto wake, ambao wote wanaishi mbali, na viatu vyao hawakuwahi kununua hapo, waliuza jengo na vyote vilivyomo. Shangazi alipewa taarifa ya wiki mbili, baada ya miaka thelathini na mitatu. Lori likaja likazoa maboksi. Ijumaa aliaga akaacha karatasi zake kwenye droo, akidhani atazichukua Jumatatu kwa utulivu. Jumatatu alikuta kitasa kimebadilishwa.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanzia, kwa hiyo nieleze zile karatasi zilikuwa na maana gani. Za watu wa kawaida alikuwa akizitupa kila baada ya miaka michache. Lakini kulikuwa na droo moja ya miguu migumu, karatasi thelathini na nane: wenye vinundu, wenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, waliovunjika wakaungwa vibaya, wale ambao kiatu cha dukani hakiwakubali na cha kwenye simu ndiyo kabisa. Fundi viatu mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, ana karakana nyuma ya soko. Alimwambia Shangazi: niletee hizo karatasi, mimi nitachonga kalibu kwa kila mguu, wewe utapima na kusimamia, tutashona viatu vya watu hawa na hakuna simu itakayotushinda. Shangazi ana miaka hamsini na tatu. Amezunguka kuomba kazi akaambiwa asubiri kupigiwa. Ile droo ndiyo ilikuwa kazi yake iliyobaki duniani. Bila hiyo ingempasa azunguke nyumba kwa nyumba kuomba watu wavue viatu, na mtu mwenye mguu wenye kasoro havui hivihivi.

Akaenda kwa mmiliki mpya. Nilikwenda naye. Tulikuta mafundi wanapaka rangi, na bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya chini akatupokea kwa mikono miwili. Alimwita Shangazi "mama yangu" mara sita kabla hatujakaa. Alikuwa anafungua mgahawa wa kahawa. Rafu za viatu ameziacha, ngazi ya kupandia rafu za juu ameiacha, kibao cha nje hakukigusa. Mgahawa wenyewe, alisema kwa furaha, utaitwa Duka la Viatu. Nikamuuliza kama atauza viatu. Akacheka, akadhani ni utani.

Karatasi alikuwa nazo. Alizitaja kabla hatujaziomba. Alisema alipofungua ile droo alitokwa na machozi, kwamba ile ndiyo roho ya mahali hapa, na kwamba anaziweka ukutani watu wazione. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ni zake, anazihitaji kwa kazi. Yule bwana akasikitika kwa adabu zote. Akasema amenunua jengo na vilivyomo, mkataba upo.

"Miguu si ya duka," Shangazi akamwambia. "Miguu ni ya wenyewe."

Bwana Kahawa, kama tulivyomwita baadaye, akaona njia ya kutoka. Jumamosi alasiri kuna uzinduzi. Mama yangu akija amevaa lile koti lake la bluu la kazi, akae kwenye kistuli chake cha kupimia pale mlangoni, watu wapige naye picha kidogo, basi baada ya hapo wataongea habari za karatasi kwa moyo mweupe. Mimi damu ilinichemka. Kumfanya mtu mzima pambo la mlangoni! Njiani nilisema yote niliyokuwa nayo moyoni, na Shangazi akaniacha niseme. Tulipofika nyumbani alitoa lile koti, akalipiga pasi. Alisema anataka karatasi zake, na kama njia inapita kwenye kistuli, atakaa kwenye kistuli.

Jumamosi barabara ilijaa. Sijui wale watu wote walikuwa wapi siku duka lilipokuwa wazi. Waliingia wakishika vifua, wakigusa rafu kama wanaogusa mtoto, wakimwinamia Shangazi kupiga picha naye. Mmoja alimwomba apige magoti ashike mguu wake kama zamani, na Shangazi akamtazama mpaka akaondoka. Fundi viatu alisimama pembeni na shati lake la Jumapili, hajui mikono aiweke wapi. Kikombe cha kahawa kwa bei waliyoiandika kingenunua kiwi ya viatu ya mwezi mzima.

Halafu ikaja hotuba. Aliyepewa nafasi ni nesi mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Nesi. Amezalisha nusu yetu, na nusu nyingine ametuchoma sindano, kwa hiyo akisimama watu hunyamaza. Alizungumza vizuri. Alisema barabara bila lile duka imekuwa kama mdomo uliong'olewa meno. Alisema watu kama Shangazi hawazaliwi tena. Wanawake wakafuta macho. Mimi nilikuwa nyuma nauma ulimi, maana kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa ndiko huku, na Mama Nesi mwenyewe hakukanyaga pale dukani miaka minne. Wakati wote wa hotuba alikuwa ameegemea kiti, anabadilisha mguu.

Ndipo Bwana Kahawa akavuta kitambaa kilichofunika ukuta wa nyuma. Karatasi zote thelathini na nane zilikuwa pale, zimepangwa safu safu, taa ndogo juu ya kila moja. Watu wakapiga makofi. Akawakaribisha wasogee watazame, wajisomee historia yao. Nao wakasogea, wakajisomea.

Sijawahi kusikia makofi yakifa namna ile. Kwa sababu hazikuwa nyayo tupu. Kila karatasi ilikuwa na jina kamili juu, kwa herufi kubwa, na chini mwandiko wa Shangazi, ambaye haandiki kwa kuzunguka. Kidole cha tatu kimepanda juu ya cha pili. Kushoto mfupi kwa upana wa kidole, ana aibu nao, usimwulize. Kinundu kikubwa, anasema hakimuumi, anadanganya. Ya mkuu wa posta ilisema: fungua dirisha kwanza. Mtu mmoja akaisoma kwa sauti kabla hajaona jina, ukumbi ukacheka, na mkuu wa posta, aliyekuwa kasimama palepale na kikombe chake, akabadilika rangi.

Mama Nesi alisoma yake kimya. Kisha akageuka, na mtu angedhani atamgeukia aliyezibandika. Hapana. Alimgeukia aliyekaa kwenye kistuli.

"Wewe ndiye uliyeandika haya?"

Shangazi akasema ndiye.

"Miaka yote hiyo unatuchekea, kumbe unatuandika?"

Wakamvamia kwa maneno, kila mmoja na lake. Dakika kumi nyuma walikuwa wanalia kwa kumkumbuka, sasa anaambiwa ni mbea, ni mnafiki, amewaweka watu uchi. Bwana Kahawa aliangalia sakafu, hakusema hata neno moja kwamba ni yeye aliyegonga misumari ya taa. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema, lakini punda angalau hatoi hotuba kwanza. Nilitaka kupasua kikombe. Fundi viatu alinishika mkono.

Shangazi alisimama. Hakupandisha sauti, na mimi ninayemjua nikajua hiyo ni mbaya zaidi.

"Niliandika ili usiumie," alimwambia Mama Nesi. "Nyote niliwaandika ili msiumie. Siku sipo, aliyekuwepo asome, asiwape kiatu cha kuwatesa. Hakuna mtu aliyewahi kusikia habari ya mguu wako kutoka mdomoni mwangu. Aliyeuweka ukutani simi. Na aliyeacha kuja nimpime simi."

Mama Nesi, kwa kuwa hasira lazima ipate pa kushukia, akamwambia Bwana Kahawa azibandue zote, sasa hivi, mbele yake. Yule bwana hakubisha. Alishika ukingo wa karatasi ya kwanza akavuta, ikachanika, kisigino kikabaki ukutani. Alikuwa amepaka gundi nyuma nzima. Akashika ya pili, ikachanika vilevile. Shangazi akamwambia aache kabla hajavunja miguu ya watu wote.

Alikwenda mwenyewe nyuma ya kaunta, akaomba maji ya moto, na ile mashine kubwa ya kahawa ikatumika kwa kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Kijana wa kahawa alijaza birika, fundi viatu akalishika karibu na ukuta mvuke ukapiga karatasi, mimi nikapitisha kisu cha siagi chini yake taratibu, na Shangazi akaipokea kwa viganja viwili. Moja, mbili, tano. Zilitoka nzima. Nilianza kufurahi. Nilimwona fundi viatu anahesabu kimoyomoyo, na najua alikuwa anahesabu kalibu.

Mkuu wa posta akasogea akanyoosha mkono. "Naomba mguu wangu."

Nikasema hapana, hizi ni za kazi. Akasema jina ni lake, mguu ni wake. Nyuma yake wakaanza kujipanga wengine, wote waliokuwa na mguu pale ukutani, kila mtu anataka wake akauchane nyumbani kwake. Nilimnong'oneza Shangazi asiwape. Nilimwambia wakiondoka nazo kazi imekufa, na hakuna atakayerudi. Alijua hayo kuliko mimi.

"Nilimwambia yule miguu ni ya wenyewe," alisema. "Sasa niseme nini? Ni ya wenyewe kwangu tu?"

Alikuwa amejipalia makaa kwa ulimi wake, na hakutaka kuyakung'uta. Akampa mkuu wa posta karatasi yake. Akampa aliyefuata, na aliyefuata. Waliikunja haraka bila kumtazama, wakatia mfukoni, kwenye pochi, mmoja akaitia ndani ya soksi. Hakuna aliyesema asante. Mimi niliendelea kubandua huku natokwa na machozi ya hasira, sioni ninachokata. Ilipobaki moja tu ukutani, mkononi alikuwa na karatasi kumi na moja: za waliofariki na za waliohama, miguu ambayo fundi hana la kuishonea. Fundi viatu aliweka birika chini, akakaa kwenye ngazi.

Ya Mama Nesi ilikuwa juu kabisa, ikatoka mwisho. Wengi walikuwa wameshaondoka, waliobaki walikuwa mlangoni wanajifanya wanaagana. Alipewa karatasi yake, akaisoma tena. Akaigeuza nyuma, ambako kulikuwa na tarehe, kila mwaka na tarehe yake, kumi na saba, kisha hakuna kitu. Alitembea hatua tatu kuelekea mlangoni. Niliziona hizo hatua. Hata mimi ambaye sijui miguu niliona kwamba anakanyaga kwa pembe za nje, kama mtu anayepita juu ya changarawe.

Akasimama, akarudi, akakaa kwenye kile kistuli bila kukaribishwa.

"Chukua," akamwambia Shangazi, amenyoosha karatasi.

"Niifanyie nini? Ni ya miaka minne iliyopita. Mguu haukai ukisubiri mtu." Shangazi hakuipokea. "Vua viatu."

Mama Nesi akatazama mlangoni. Watu walikuwa wanatazama. Huyu ni mwanamke ambaye madaktari walikuwa wakimpisha koridoni. Alinyoosha mgongo, nikadhani atanyanyuka aende zake. Kisha akainama, akafungua vishikizo, akavua.

Vilikuwa viatu vya simu, vizuri kwa macho, vimechongoka mbele. Sitaeleza miguu ile. Nilishaona watu wazima wakisomwa ukutani siku hiyo, yatosha. Nitasema tu kwamba Shangazi alipiga magoti, akautazama wa kulia, akautazama wa kushoto, na kwa siku ile yote, kwenye kistuli, kwenye picha, kwenye matusi, sikumwona amekasirika kama alivyokasirika hapo.

"Nani kakuuzia hivi? Nani?" Sauti ilimpasuka. "Umesimama juu ya hii miguu miaka thelathini unazalisha watu, halafu unailipa namna hii? Ungenitukana mimi, sawa. Miguu imekukosea nini?"

Mama Nesi alifunika macho kwa kiganja.

Shangazi akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akataka karatasi. Hapakuwa na karatasi ya kaki. Nikakumbuka menyu za mgahawa: tulizichapa sisi kazini kwetu, kwenye kaki, kwa sababu mteja alitaka zionekane za zamani. Nikachukua mbili kwenye kaunta, nikazigeuza upande usio na maandishi, nikazitandika sakafuni. Shangazi akamsimamisha Mama Nesi, akamwambia asiminye vidole, akazungusha penseli polepole, akaandika pembeni maneno mengi kuliko kawaida yake, na safari hii alikuwa anamsomea mwenyewe kila anachoandika.

Alipomaliza alivichukua vile viatu vyenye ncha, akavitupa kwenye pipa la mgahawa, juu ya masalia ya kahawa. Akavua vyake vya kitambaa, vipana, vilivyochakaa, akamvalisha Mama Nesi na kumwambia avirudishe siku atakayokuja kujaribu vipya.

Tukarudi nyumbani hivyo, Shangazi peku kwenye lami, koti la bluu mwilini, tunapita fundi saa asiyekuwepo, tunapita duka la vitambaa lenye kufuli, yeye anafoka njia nzima na watu wanampisha. Fundi viatu alitembea kando yake amebeba zile menyu mbili kwa mikono yote miwili. Tulipofika kona ya soko, ambako njia zetu zinaachana, alimuuliza hiyo kalibu aichonge upana gani.

"Pana," Shangazi akasema. "Mwachie nafasi."